Neno "Native" na Kuku wa Kienyeji

Katika masoko yetu ya Temeke na Mbagala, na hata kule Magomeni na Tandale, kuku wa kienyeji ana bei kuliko kuku wa kizungu. Hilo halina ubishi. Huyu wa kizungu amefugwa bandani wiki chache tu, amenona kwa chakula cha gunia, na nyama yake huiva kabla maji hayajachemka sawasawa. Yule wa kienyeji amekimbizana na wenzake uani, amechakura jalalani, supu yake ina harufu, na mgonjwa akiinywa hupata nguvu, au angalau husema amepata. Muuzaji akitaka kukushawishi hukuambia, "Mzee, huyu kienyeji kabisa," nawe humgeuza kuku na kumkagua miguu, maana siku hizi wako chotara wanaouzwa kwa jina hilo. Lakini jaribu kumwambia muuzaji huyo huyo kwamba yeye ni mtu wa kienyeji. Usishangae akikurudishia fedha zako.

Kwa nini neno moja liwe sifa kwa kuku na tusi kwa mtu? Swali hili laweza kuonekana dogo, la kuzungumzia barazani wakati kahawa inapoa. Mimi naliona kubwa. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu katika chuo cha ualimu, na jambo moja nililoliona huko ni kwamba neno la dharau halihitaji kufafanuliwa darasani. Mtoto huliokota mwenyewe katika sauti ya mwalimu. Basi ni vema tujue maneno yetu ya dharau yametoka wapi.

Kienyeji hutokana na mwenyeji, na mwenyeji asili yake ni mwenye mji. Hamna dharau yoyote humo. Ni neno la mamlaka na la wajibu kwa pamoja. Mwenyeji ndiye anayetandika mkeka, ndiye anayetafuta kitoweo, ndiye anayejua kisima kiko wapi na njia ipi haipitiki usiku. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakuuliza mwenyeji huyo alizaliwa wapi. Hata leo mtu aliyepotea akishuka Mbagala Rangi Tatu humkabili wa kwanza amwonaye, akamwuliza, "Samahani ndugu, wewe mwenyeji hapa?" Anachotaka kujua ni kama mwenzake anazijua njia za pale. Na kijana aliyehamia kutoka Kigoma miaka mitano iliyopita hujibu bila kusita, "Ndiyo, mimi mwenyeji, unakwenda wapi?" Wala hajasema uongo.

Dharau, kwa maoni yangu, ilitoka kwingine. Ililetwa na neno la Kiingereza, "native", ambalo lilitua juu ya neno letu kama kunguru juu ya kiota cha njiwa. Wajerumani nao walikuwa na neno lao la namna hiyo, lakini utawala wao ulikuwa mfupi zaidi, na mimi naandika juu ya lile lililotukalia kwa muda mrefu na kuacha alama.

Neno hilo la Kiingereza limetoka mbali. Mzizi wake ni Kilatini, natus, yaani aliyezaliwa. Katika mzizi huo Waingereza walipata pia neno lao la taifa, neno lao la maumbile, na lile la kuzaliwa kwa Bwana Yesu. Ni ukoo mwema kabisa. Lakini katika hati za Kilatini za Uingereza ya zama za kati, nativus, mtu wa kuzaliwa, alikuwa mtu wa namna ya pekee: mkulima asiye huru, aliyezaliwa akiwa amefungwa na ardhi ya bwana wake, asiyeruhusiwa kuondoka pasipo idhini. Kwa hiyo Waingereza walikuwa na "native" wao nyumbani, mwenye ngozi nyeupe kama yao, mamia ya miaka kabla hawajaja kututafuta sisi. Kisha Kilatini hicho hicho, kwa kupitia Kifaransa, kikazaa neno jingine, "naive", maana yake mtu mweupe wa moyo kiasi cha kudanganywa kirahisi. Ndugu hawa wawili, mtwana wa ardhi na mtu wa kudanganywa, tutawakuta tena Tanganyika.

Wala tusiwacheke haraka. Pwani yetu ilifanya mambo ya namna hiyo kwa njia yake. Zamani za utumwa, mtu aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga, kwa kuwa hakujua desturi wala lugha ya hapa. Mtoto wake aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia. Alikuwa bado mtumwa, ila amepanda ngazi moja. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903, alieleza pia habari za watumwa wa pwani, na anayesoma maelezo yale huona jinsi jamii ilivyopima watu kwa mahali walipozaliwa bila kuwapa uhuru. Neno mjinga tunalowatupia watoto wanaoshindwa hesabu lilipata kuwa jina la mgeni aliyeletwa kwa nguvu. Sidhani kama walimu wengi wanalifahamu hilo.

Turudi Uingereza, kwa sababu huko liko jambo la kuchekesha. Waingereza wanapenda sana kula chaza. Wale chaza wa pwani zao wenyewe, hasa wa Whitstable na Colchester, huwaita "natives", na husifiwa na kulipiwa kuliko wa kutoka nje. Kumbe kuku wetu ana ndugu Ulaya! Nao walipojijengea nyumba nzuri hapa Dar es Salaam wakapaita mahali pao Oysterbay, ghuba ya chaza. "Native" wa kibinadamu hakuwa na nafasi huko ila awe mpishi, yaya au mtunza bustani.

Sasa tutazame lilivyofanya kazi serikalini. Gavana Donald Cameron aliwasili Tanganyika mwaka 1925, na mwaka 1926 ikatungwa sheria ya Native Authority, iliyoweka utawala wa machifu chini ya serikali. Kukawa na mahakama za "native", hazina za "native", pombe za "native". Mzaramo wa Kisarawe, Mhaya wa Bukoba na Mmakonde wa Newala, ambao hawakuwa na lugha moja wala mila moja, waliamka asubuhi moja wakakuta ni kitu kimoja katika vitabu vya Bwana Shauri. Katika miaka ya 1920 ilitungwa pia sheria ya kuzuia mikopo kwa "natives". Mfanyabiashara asiyekuwa "native" hakuweza kumdai "native" mahakamani kwa bidhaa alizomkopesha, isipokuwa mkopo huo ulikuwa umeidhinishwa kwa maandishi na ofisa wa serikali. Waliosema kwamba sheria hiyo ilimlinda maskini dhidi ya riba hawakukosa hoja. Lakini tazama ilivyomlinda: ilimchukua mtu mzima, mwenye wake na watoto, mwenye shamba la minazi, ikamweka pamoja na watoto wadogo. Hakuna tajiri aliyetaka kumkopesha mtu asiyeweza kushtakiwa, kwa hiyo duka la "native" lilibaki genge. Ndipo unapowaona wale ndugu wawili wa Kilatini wamekutana: mtu aliyefungwa na mahali alipozaliwa, na mtu anayedhaniwa hawezi kujilinda asidanganywe.

Mambo hayakuwa hapa peke yake. Kenya kulikuwa na maeneo yaliyotengwa kwa "natives" na kipande cha kuvaa shingoni. Afrika Kusini sheria ya ardhi ya "natives" ya mwaka 1913 iliwaachia walio wengi kiasi cha asilimia 7 ya nchi. Uganda hata kanisa lilibandikwa: Waanglikana wa huko walikuwa Native Anglican Church mpaka jimbo lao lilipoundwa mwaka 1961. Lakini kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha Wasomali wa ukoo wa Isaaq waliokuwa Kenya katika miaka ya 1930. Wao waliiomba serikali iwatoze kodi kubwa zaidi, ile ya Wahindi. Fikiria, msomaji, watu wanaandika barua baada ya barua, wanatuma malalamiko mpaka London, wakiomba waongezewe kodi! Walikuwa wakinunua njia ya kuepuka neno moja tu.

Neno hilo lilipotafsiriwa kwa Kiswahili, mara nyingi likawa "wenyeji", na cha "native" kikawa "cha kienyeji". Hapo ndipo neno letu lilipobebeshwa mzigo usio wake. Hospitali ilikuwa ya serikali, mganga akawa wa kienyeji. Bia ilitoka kiwandani, pombe ikawa ya kienyeji. Ndoa ya bomani ilikuwa na cheti, nyingine ikawa ya kienyeji. Polepole watu walianza kusikia katika neno hilo maana ya kitu kisicho na utaratibu, na maana hiyo ikaota mizizi hata bendera ya mkoloni iliposhushwa. Siku hizi husemwa katika magazeti na katika vikao kwamba fulani amefukuzwa kazi kienyeji, zabuni imetolewa kienyeji, ukuta umejengwa kienyeji. Maana yake ni ovyo, bila kufuata sheria. Hebu rejea maana ya mwenye mji, kisha usikilize tena: jambo limefanywa kwa desturi ya mwenye mji, ndiyo maana limeharibika! Mkoloni ameondoka, lakini hukumu yake tunaisoma sisi wenyewe, kwa lugha yetu, na kwa sauti kubwa.

Wako waliotambua ubaya huo, wakalikimbia neno. Mganga wa kienyeji sasa ni mganga wa tiba asili, na Bunge lilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002. Mkunga wa kienyeji amekuwa mkunga wa jadi. Ngoma ni za asili. Sina ugomvi na maneno asili na jadi. Ni ya Kiarabu yaliyokwisha kuwa yetu. Ila sioni faida ya kukimbia. Neno jipya likipewa kazi ile ile, la kumtaja mtu aliyewekwa chini, baada ya miaka thelathini nalo litanuka. Waafrika Kusini wanalijua hilo: serikali yao ya ubaguzi ililiacha "native" katika miaka ya 1950, ikashika "Bantu", na haikupita miaka mingi hilo nalo likawa halisemeki mbele za watu.

Wengine walichagua njia tofauti. Vijana waliounda chama Dar es Salaam mwaka 1929 walikiita African Association. Hawakutaka kujiita kwa neno la Bwana Shauri. Chama hicho ndicho kilichokuja kuzaa TAA na hatimaye TANU mwaka 1954. Kule Afrika Kusini chama kilichoanzishwa mwaka 1912 kilikuwa na "Native" katika jina lake, kikaliondoa mwaka 1923, ndicho ANC tunachokijua. Lakini Wachagga hawakuondoa. Wakulima wa kahawa wakiongozwa na watu kama Joseph Merinyo waliunda chama cha wapanda kahawa "natives" wa Kilimanjaro mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika mkuu, Kilimanjaro Native Co-operative Union, KNCU. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976. Vilipofufuliwa, wakulima hawa walijiandikisha upya mwaka 1984. Wangeweza kuchagua jina lolote, nchi ikiwa huru miaka zaidi ya ishirini. Wakarudisha lile lile, na "Native" yake ndani. Mimi nawapongeza. Walijenga shule, walijenga hoteli na vyumba vya mikutano Moshi, waliuza kahawa yao wenyewe; neno likalazimika kujinyoosha lifuate kazi zao.

Hata hivyo kujivunia kuzaliwa mahali nako kuna hatari yake, na nchi yetu imeikaribia mara kadhaa. Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Walikuwapo wabunge waliotaka uraia uwe wa watu wa asili ya Kiafrika, na wengine wasubiri. Mwalimu Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, aliipinga hoja hiyo kwa ukali na kuifanya kuwa ya kufa na kupona kwa serikali yake. Alishinda. Miaka thelathini baadaye, uchumi ulipofunguliwa na mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, swali lilirudi kwa jina la uzawa: nani apewe nafasi kwanza, mzawa au asiyekuwa mzawa? Mjadala uliendelea katika miaka ya 1990 na kuingia karne hii, mara nyingine kwa hoja, mara nyingine kwa matusi ya barabarani dhidi ya wenye asili ya Kihindi. Njaa iliyokuwa nyuma ya swali hilo ilikuwa ya kweli. Aliyekuwa akichuuza karanga Kariakoo aliona maduka makubwa hayana sura yake. Sera na sheria iliyopitishwa mwaka 2004 ilizungumzia uwezeshaji wa wananchi. Neno mzawa likawekwa pembeni. Wengine waliona ni woga. Mimi naona ilikuwa busara, kwa sababu uzawa, ukiutazama vizuri, ni "native" yule yule aliyevaa kanzu.

Kosa la "native" si kwamba lilitumiwa na Waingereza. Ni kwamba halina mlango. Umezaliwa hapa au hukuzaliwa hapa, basi, hakuna kazi utakayoifanya wala miaka utakayokaa ibadilishe jibu. Mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky aliwaita vijana waliokulia kwenye kompyuta "natives" wa ulimwengu huo, nasi wazee akatuita wahamiaji, akaongeza kwamba hata tujifunze vipi lafudhi yetu ya kigeni haitatutoka. (Mjukuu wangu anayenisaidia kutuma fedha kwa simu angekubaliana naye.) Na katika mambo ya shule neno hilo limepata heshima mpya. Zipo shule, hapa na nchi nyingine, zinazotafuta mwalimu wa Kiingereza aliye "native speaker". Mwalimu wetu aliyesomea sarufi na mbinu za kufundisha kwa miaka, aliyewahi kusimama mbele ya watoto tisini bila vitabu vya kutosha nao wakafaulu, hupimwa na kijana ambaye sifa yake ya kwanza ni kwamba mama yake alimzalia Leeds. Neno lililokuwa la kumshusha mtu limekuwa la kumpandisha, lakini mzani ni ule ule: hukuulizwa umefanya nini, umeulizwa umezaliwa wapi.

Tukiipimia lugha yetu kwa mzani huo, tutampoteza Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, na ukoo wake ulikuwa wa Wayao, watu wa kusini. Nani leo atathubutu kumwambia kwamba alikuwa mgeni katika Kiswahili? Aliingia ndani ya lugha hii akailima mpaka wenye asili ya pwani wakaenda kwake kujifunza.

Nimesema kulima kwa makusudi. Kiswahili kina methali inayojulikana na kila mtu, ambayo Mwalimu aliitumia alipoeleza ujamaa mwaka 1962: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu tunaifundisha kama onyo kwa wavivu, na ni kweli inaonya. Lakini ina jambo jingine ambalo sijaliona likisisitizwa. Jembe ni mlango. Anayepewa jembe ameacha kulishwa, na anayelima shamba la mahali ameanza kuwa mtu wa mahali hapo. Siku ya nne hakuna anayemwita mgeni kwa moyo ule ule. Kwa Kiswahili, basi, mgeni anaweza kuwa mwenyeji, na njia yake imeelezwa: kazi, na muda, na kuwapokea wengine watakaokuja nyuma yake.

Msomaji atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema: mzee, wenyeji waliokaribisha wageni walipona? Mwaka 1884 Karl Peters alipita Usagara na nchi za jirani akiwa na karatasi zake, akapokewa, akawekewa alama za wino na watu wasiojua kilichoandikwa, na mwaka uliofuata Ujerumani ikatangaza kwamba nchi hizo ni zake. Wenyeji wa Amerika walijuta ukarimu wao mpaka leo. Ni rahisi kusifu mlango wazi kama si wewe uliyeibiwa. Hoja hii ni nzito, na sina dawa yake yote. Ninachoweza kusema ni kwamba Peters hakutaka jembe. Hakuomba kuwa mwenyeji pamoja na wenyeji. Alitaka mji bila wenyewe. Mwenye mji ana haki ya kutambua tofauti hiyo na kufunga mlango, na ukarimu usiokuwa na haki hiyo ni utumwa. Tena nakiri kwamba tofauti yenyewe haionekani siku ya kwanza. Peters naye huenda alipokea chakula kwa adabu.

Jambo hili halikuishia mwaka 1884. Hapa tulipo, Mbagala, Chamazi, Kongowe, ardhi yote ilikuwa mashamba ya Wazaramo na Wandengereko: minazi, mikorosho, miembe, mihogo. Sisi tuliotoka mikoani tulikuja na akiba zetu na mafao yetu, tukanunua vipande vipande. Tuliojenga nyumba za bati tukaanza kuwaita waliotuuzia "watu wa kienyeji". Nimelisikia neno hilo kwa masikio yangu, katika kikao cha mtaa, likisemwa na mtu aliyesoma, juu ya wazee ambao mipaka ya kiwanja chake walimwonyesha kwa mguu, mnazi kwa mnazi, kwa sababu ofisini hapakuwa na ramani.

Mimi mwenyewe kiwanja changu nilikinunua kwa mzee mmoja wa Kizaramo. Nilipokuwa nikijenga, alinipa kibanda chake cha kuhifadhia saruji na akanionyesha kisima. Mkewe aliwapikia mafundi. Hakunidai kodi ya kibanda. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni. "Wewe mgeni," alisema. Miezi michache baadaye mtaa ulipochimba mtaro wa maji ya mvua, alikuja kuniamsha alfajiri akiwa na majembe mawili mkononi, akanipa moja, naye akatangulia. Hatukuzungumza sana siku ile. Baada ya hapo sikumbuki kusikia tena neno mgeni kinywani mwake, na mtu mpya alipofika kutafuta kiwanja, mzee alimleta kwangu amwone "mwenyeji wa upande huu".

Alifariki mwaka ambao mvua za masika zilikata barabara yetu, nasi tulimzika katika kipande cha mwisho cha shamba lake, chini ya mwembe, karibu na wazazi wake. Asubuhi ya mazishi lilifika gari dogo lililoleta turubai na viti vya kukodi. Wanawe walikuwa barazani pamoja na wafiwa. Dereva aliteremka, akaangaza huku na huku kwenye ule umati, akauliza, "Jamani, mwenyeji hapa nani, nishushe wapi hivi?" Tuliinuka watu watatu kwa mara moja: fundi mmoja wa Songea, jirani yangu wa Musoma aliyekuwa polisi, na mimi. Tulimwonyesha pa kushushia, tukaanza kufunga kamba za turubai.